Nafasi ya Mtu Mmoja

Simu iliita nikiwa Mkolani, mikono imejaa unga.
Sauti ya mwanamke, muuguzi wa gereza.
Alikohoa, akaomba radhi, "ni vumbi tu,"
kama tulivyosema sote mwaka ule.
"Wewe ndiye Misoji, binti Luhende?"
Nikanyamaza. Miaka sita sijaitwa hivyo.

Alieleza taratibu, kama anayesoma na kupumzika:
sukari imepanda,
kidole cha mguu kimekatwa,
figo zinasuasua.
Na ugonjwa huu ukiingia mle ndani
hautapiga hodi kwa mmoja mmoja, utawakuta pamoja.
Majina yalipelekwa, yamerudi na muhuri.
Imebaki safu moja ya fomu, ya mwisho kulia:
*Atapokelewa na nani?*

Nilisema nitapiga. Sikupiga.

Baba alikuwa karani wa mizani, misimu ya pamba.
Kilo mbili kila gunia,
kidole chake kikiliinua kwa chini, macho yako kwenye daftari.
Kidole cha mkono. Si kile kilichokatwa.
Nilijikuta nimewaza hata hilo.
Kwa kilo zile Mama Ng'washi alimtoa mwanawe shule.
Bado tunachota bomba moja, na hunisalimia.
Heri angetema mate.

Siku ya kwanza nikahesabu: chumba kimoja na sebule.
Siku ya pili nikahesabu tena,
kana kwamba vyumba huzaa.
Siku ya tatu nikaenda kwake,
nikasimama mbali kama redio ilivyotuagiza,
barakoa ya kitenge inanikata masikio,
nikamwambia.
Aliendelea kupepeta dagaa.
"Mimi nilitaka afungwe," akasema.
"Sikutaka afie humo. Hayo ni mawili."
Akapepeta tena, magamba yakaruka na upepo wa ziwa.
"Ila asije akanipimia kitu."

Alitoka Butimba saa nne asubuhi
na mfuko wa rambo, dawa za wiki mbili,
barakoa iliyoshonwa kwa kipande cha shuka.
Kongoti mmoja juu ya ukuta
alitutazama kama shahidi aliyechelewa.
Baba hakunikumbatia. Alinyoosha kiwiko,
mtu fulani alimfundisha,
nami nikakigusa kwa changu: mfupa mtupu.
Muuguzi hakutia chumvi.

Nyumbani alinawa mara tatu kwenye ndoo ya koki,
akiyatazama maji yanavyopotea.
Nikamwonyesha kitanda.
"Chote?" akauliza.

Usiku nikasikia sauti yake,
si ya mtu anayeota, si ya aliye macho:
"Geuka!"
Kisha chaga zikalia.

Asubuhi alieleza bila kuulizwa.
Mle hulala ubavu, arobaini na mmoja,
magoti ya huyu nyuma ya magoti ya yule.
Ubavu ukifa ganzi husubiri,
mpaka nyapara aseme neno,
na safu nzima hugeuka.
"Sasa wako arobaini," akasema.
"Kuna kijana wa Sengerema, Bujashi, ana pumu.
Jina lake halikurudi na muhuri.
Alikuwa akilala nyuma yangu,
nikisikia kifua chake kikipiga filimbi mgongoni mwangu.
Labda jana amenyoosha mguu."

Akaweka viganja mezani,
akanipimia nafasi aliyoiacha:
shibiri moja, mbili, na kidogo.
Nikavitazama vidole vyake, kimoja kimoja.
Chai ikapoa.

Tulipiga simu kwa muuguzi kuuliza habari za Bujashi.
Iliita, iliita.

Usiku baba akaita tena.
Sebuleni, juu ya mkeka,
nikageuka.